Makarani wa Hong Kong katika Bandari za China: Posta za Kigeni Ziliendeshwaje?

Msomaji wetu wa Tanga amerithi albamu ya stempu. Ndani yake amekuta stempu ya Hong Kong yenye sura ya Mfalme George V, iliyopigwa juu yake neno CHINA kwa wino mweusi, na mhuri unaosomeka Shanghai. Ukurasa unaofuata una stempu ya India yenye mhuri wa Zanzibar. Anauliza koloni liliwezaje kuwa na ofisi ya posta ndani ya nchi ya wengine, ni watu gani waliofanya kazi humo, nani aliwalipa, na kwa idhini ya nani. Nitakaa zaidi China, kwa kuwa huko ndiko mambo haya yalikokua na kuacha kumbukumbu nyingi, kisha nitafika Zanzibar.

Nianze na idhini, kwa sababu mambo mengine yote yanatokana na udhaifu wake. Mkataba wa Nanking wa mwaka 1842, uliomaliza vita vya kwanza vya afyuni, uliipa Uingereza kisiwa cha Hong Kong na kufungua bandari tano kwa wafanyabiashara wake: Canton, Amoy, Foochow, Ningpo na Shanghai. Ulieleza habari za biashara, ushuru, makazi ya raia wa Uingereza na mabalozi wadogo watakaowasimamia, lakini kuhusu posta haukusema neno. Mkataba wa Tientsin wa mwaka 1858 ulimruhusu balozi wa Uingereza kutuma na kupokea barua zake kwa matarishi wake mwenyewe, na hiyo ni haki ya kawaida ya kibalozi. Kufungua dirisha mitaani, kuuza stempu kwa kila anayepita na kutoza ada ya barua ni jambo jingine kabisa, na hakuna mkataba kati ya Uingereza na China ulioliruhusu. Posta hizi ziliingia kwa njia ya mazoea. Wafanyabiashara walitaka barua zao, meli zilikuwa za Waingereza, balozi mdogo alikuwa na chumba na sanduku lenye kufuli, na serikali ya China, ambayo kwa wakati huo haikuwa na posta ya umma ya kushindana nao, haikuwazuia. Raia wa Uingereza walihukumiwa na mabalozi wao wadogo wala si na mahakama za China, kwa hiyo kinga hiyo hiyo ikaonekana kuifunika hata meza ya posta.

Mwanzoni, kuanzia mwaka 1844 hivi, kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Balozi mdogo katika kila bandari alipokea gunia la barua kutoka Hong Kong, akagawa zilizomo, kisha akakusanya zinazoondoka. Hapakuwa na stempu: mtu alilipa taslimu, na barua ikapigwa mhuri mwekundu wenye taji ulioonyesha kwamba ada imelipwa katika bandari fulani. Meli za kampuni ya P&O zilianza kufika Hong Kong kwa mkataba wa posta mwaka 1845, na mwaka 1850 kampuni hiyo ikaongeza safari za Shanghai. Hata hivyo makampuni makubwa ya biashara, Jardine Matheson yakiwamo, yaliendelea kutumia vyombo vyao ili habari za bei ya chai na afyuni ziwafikie kabla ya wapinzani wao, na posta ilitakiwa kuwahudumia wateja ambao wakati mwingine walikuwa na haraka kuliko yenyewe.

Jambo lililoamua sura ya posta hizi kwa miaka sitini iliyofuata lilitokea tarehe 1 Mei 1860, siku ambayo London ilijivua usimamizi wa posta ya Hong Kong na kuukabidhi kwa serikali ya koloni. Pamoja na ofisi ya Hong Kong, vituo vya bandarini navyo vikawa mzigo na mali ya koloni hilo. Tafakari maana yake: kisiwa kidogo chenye hazina ndogo kilitakiwa kuendesha mtandao wa ofisi katika nchi kubwa ya kigeni, na baadaye Japani pia, kwa kutegemea mapato ya stempu zake chenyewe. Wengi huziona posta hizi kama ishara ya nguvu ya dola ya Uingereza. Mimi, baada ya kuzifuatilia kwa muda mrefu, naona zaidi alama za uhaba: kila uamuzi kuhusu wafanyakazi, vyumba, mihuri na stempu ulipimwa kwanza kwa swali la nani atalipa, na jibu karibu kila mara lilikuwa kwamba alipwe yule ambaye tayari yuko pale kwa kazi nyingine.

Hii ndiyo sababu ofisi za bandarini ziligawanyika katika madaraja mawili yasiyofanana. Shanghai ilikuwa peke yake. Biashara yake iliishinda ile ya bandari nyingine zote, barua zake zilikuwa nyingi mno kwa chumba cha ubalozi mdogo, na kwa hiyo mapema katika miaka ya 1860 ilipata ofisi kamili yenye mkuu wake aliyeajiriwa na Idara ya Posta ya Hong Kong, makarani wake, na nyumba yake. Yokohama nayo ilifuata njia hiyo. Kwingineko, yaani Amoy, Foochow, Ningpo, Swatow, Canton, na Hankow iliyofunguliwa mwaka 1872, kilichokuwapo ni uwakala. Wakala alikuwa mtumishi wa ubalozi mdogo, pengine msaidizi kijana aliyekuwa bado akijifunza Kichina, pengine askari wa ubalozi ambaye kazi yake ya msingi ilikuwa kulinda jela ndogo ya mabaharia wakorofi, na kwa kazi ya posta alilipwa posho juu ya mshahara wake. Mtu wa namna hiyo alikuwa na mabwana wawili. Mshahara wake na cheo chake vilitoka wizara ya mambo ya nje kupitia ubalozi; hesabu za stempu zake zilidaiwa na Postamasta Mkuu wa Hong Kong, ambaye hakuwa na uwezo wa kumfukuza wala kumpandisha. Ubalozi ulipomhamisha kwenda bandari nyingine, posta ilimpoteza mtu aliyekwisha kujifunza kazi na kuanza upya na mwingine.

Ukitazama orodha za majina za watumishi wa posta ya Hong Kong za karne ya 19, jambo la kwanza utakaloliona ni wingi wa majina ya Kireno. Hawa walikuwa watu wa Macau, familia za mchanganyiko wa Kireno na Kiasia zilizoishi hapo kwa karne nyingi, ambao baada ya Hong Kong kuanzishwa walihamia huko na baadaye Shanghai kutafuta kazi za ukarani. Waliandika Kiingereza kwa hati nzuri, wengi wao walizungumza Kikantoni tangu utotoni, na walikubali mshahara ambao Mwingereza aliyeletwa kwa meli kutoka kwao hangeukubali. Bila wao posta hizi zisingefunguliwa asubuhi hata siku moja. Walichambua barua, waliandika rejesta, walipima uzito, waliuza stempu, na mara nyingi ndio waliobaki kituoni wakati wakuu wao walipokuwa likizoni au wagonjwa. Lakini nafasi za juu zilihifadhiwa kwa Waingereza, na karani wa Macau mwenye uzoefu wa miaka mingi aliweza kumfundisha kazi kijana aliyekuja kuwa bwana wake. Naona ni haki kulisema hili waziwazi, kwa kuwa vitabu vya wakusanya stempu huwataja wakuu wa posta na kuwasahau hawa.

Chini yao walikuwapo Wachina: matarishi, wapiga mihuri, wabeba magunia, wapiga makasia wa mashua zilizokwenda kupokea magunia kutoka kwenye meli zilizotia nanga mbali na gati, na makarani waliosoma anwani za Kichina. Katika Amoy na Swatow kazi yao haikuwa ya pembeni hata kidogo. Kutoka bandari hizo mbili maelfu ya watu walihamia Singapore, Penang na nchi nyingine za kusini, na walituma nyumbani barua zilizofuatana na fedha. Barua hizo zilikusanywa huko ugenini na maduka ya kutuma fedha, zikafungwa pamoja katika bunda moja na kusafirishwa kama mzigo mmoja wa posta. Bunda lilipofika, lilikabidhiwa kwa duka mshirika, ambalo ndilo lililopeleka barua na fedha hadi vijijini na kurudisha majibu. Uzito wa jambo hili ulidhihirika mwezi Desemba 1876, wakati serikali ya Singapore ilipofungua ofisi ndogo ya posta kwa ajili ya barua za Wachina na kuikabidhi kwa watu binafsi waliopewa kibali: wenye maduka ya kutuma fedha waliona riziki yao inachukuliwa, na ghasia zikazuka mjini. Kwa hiyo wakala wa Swatow, hata kama alikuwa Mwingereza mwenye cheo, alitegemea kabisa watu wa mji ule waliojua duka lipi ni la nani na kijiji kipi kiko upande gani.

Kuhusu siku yenyewe ya kazi, usidhani palikuwa na saa za kawaida. Ratiba ilikuwa ni meli. Meli ya barua za Ulaya ilipoonekana, ofisi nzima iliamka, hata kama ni usiku wa manane. Magunia yalifunguliwa, barua za makampuni ziliwekwa katika masanduku yao ya kukodi, na matarishi wa makampuni wakawa tayari wamepanga foleni nje. Siku ya kuondoka kwa meli msongamano ulikuwa wa upande wa pili, kwa kuwa kila mfanyabiashara alitaka kuandika hadi dakika ya mwisho, na aliyechelewa baada ya gunia kufungwa aliweza kulipa ada ya nyongeza ili barua yake ipokelewe. Ili kupunguza msongamano huo, Hong Kong iliwahi kuwapandisha makarani wake kwenye meli kati ya Hong Kong na Singapore ili wachambue barua njiani.

Tatizo gumu zaidi la usimamizi lilikuwa umbali, na dawa yake ilikuwa stempu. Hong Kong ilitoa stempu zake za kwanza tarehe 8 Desemba 1862, za senti 2 hadi 96, na muda si mrefu zikapelekwa bandarini. Faida yake kwa bwana aliye mbali ni kubwa: wakala alipewa stempu kama vile amepewa fedha, na mwisho wa kipindi alitakiwa kuonyesha ama stempu zilizobaki ama fedha za zilizouzwa. Kila bandari ilipewa mhuri wa kufutia stempu wenye alama yake: B62 ulikuwa wa Hong Kong kwenyewe, A1 wa Amoy, C1 wa Canton, F1 wa Foochow, N1 wa Ningpo, S1 wa Shanghai, Y1 wa Yokohama. Alama hizo ndizo zinazomwezesha mtu leo kujua kwamba stempu ya kawaida kabisa ya Malkia Victoria ilitumika Foochow na si Hong Kong. Alfred Lister, aliyekuwa Postamasta Mkuu kuanzia mwaka 1875 hadi 1890, alikuwa mtu wa kufaa kwa usimamizi wa namna hii, kwani alikuja Hong Kong akiwa kijana wa kufunzwa Kichina na akafika posta akiifahamu lugha ya wengi wa wateja wake, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa wakuu wa idara za koloni.

Stempu hizo hizo ndizo zilizoleta taabu mwishoni. Bei iliyoandikwa juu yake ilikuwa ya dola ya Hong Kong, ilhali katika bandari za China watu walilipa kwa fedha za mahali pale, na fedha hizo zilipanda na kushuka dhidi ya dola ya Hong Kong. Ziliposhuka, mtu mwerevu aliweza kununua stempu kwa wingi bandarini kwa fedha hafifu na kuzitumia au kuziuza Hong Kong kwa thamani kamili, na hasara ikawa ya hazina. Basi kuanzia tarehe 1 Januari 1917 stempu za bandarini zilipigwa neno CHINA, ili zisikubaliwe Hong Kong. Hiyo ndiyo stempu yako. Wamarekani, waliokuwa na ofisi yao Shanghai tangu mwaka 1867, walikutana na tatizo la namna hiyo hiyo na mwaka 1919 walipiga stempu zao jina la Shanghai pamoja na thamani mpya ya fedha za China, maradufu ya ile ya dola yao: stempu ya senti 1 ikawa ya senti 2.

Waingereza hawakuwa peke yao, kama unavyoona. Ufaransa, Ujerumani, Urusi na Japani nazo zilikuwa na ofisi zao, na Shanghai mtu aliyekuwa na barua ya kwenda Ulaya alichagua dirisha kulingana na meli inayoondoka kwanza na ada iliyo nafuu. Baraza la makazi ya wageni lilikuwa hata na posta yake ya mji, yenye stempu zake tangu mwaka 1865. Karne ya 20 ilipoanza na reli ya Siberia kukamilika, barua iliyopitia Urusi ilifika London kwa wiki mbili hadi tatu, ilhali kwa njia ya Suez ilichukua zaidi ya mwezi. Waingereza walijibu kwa bei nafuu ya barua ndani ya dola yao na kwa kwenda kaskazini: Chefoo mwaka 1903 na Tientsin mwaka 1906, juu ya ofisi za Weihaiwei, eneo walilokuwa wamelikodi kutoka China mwaka 1898.

Kilichoziondoa posta hizi ni kukua kwa posta za wenyeji, na hapa Japani ilitangulia. Maejima Hisoka alianzisha posta ya kisasa ya nchi hiyo mwaka 1871. Marekani ilikubali kufunga ofisi zake mwishoni mwa mwaka 1874. Japani ikaingia katika Umoja wa Posta Duniani mwaka 1877. Na ofisi za Hong Kong zilizokuwa Yokohama, Nagasaki na Hiogo zilifungwa mwaka 1879, ya mwisho ikiwa ile ya Yokohama tarehe 31 Desemba. Miaka minane tu tangu posta ya Maejima, na mgeni hakubaki na hoja.

China ilichelewa, si kwa kukosa watu wenye uwezo wa kupeleka barua. Makampuni binafsi ya barua ya Wachina yalikuwapo kwa wingi na yaliaminika sana na wateja wao. Kilichokosekana ni posta ya serikali yenye kutambuliwa nje. Ilizaliwa ndani ya idara ya forodha iliyoongozwa na Robert Hart, ikatoa stempu zake za kwanza mwaka 1878, ikatangazwa kuwa posta ya dola nzima kwa amri ya mfalme ya Machi 1896, na ikatengana na forodha mwaka 1911. Hadi ilipoingia katika Umoja wa Posta Duniani mwaka 1914, barua yake ya kwenda nchi za mbali ililazimika kukabidhiwa kwa ofisi ya kigeni, na ndiyo sababu utaona bahasha za wakati huo zenye stempu ya China na stempu ya Hong Kong au Ufaransa bega kwa bega. Baada ya mwaka huo hoja ya mahitaji iliisha. Zilibaki desturi na ubishi. Katika mkutano wa mataifa uliofanyika Washington mwaka 1921 na 1922, wajumbe wa China walieleza kwamba ofisi hizi hazina msingi katika mkataba wowote, kwamba zinanyang'anya posta yao mapato, na kwamba magunia yasiyofunguliwa na forodha yanaficha magendo. Azimio la Februari 1922 liliamua zifungwe si zaidi ya tarehe 1 Januari 1923, isipokuwa katika maeneo yaliyokodiwa, na hata hapo mataifa makubwa yalitaka ahadi kwamba cheo cha mkurugenzi mwenza wa kigeni katika posta ya China hakitabadilishwa. Waingereza walifunga zao tarehe 30 Novemba 1922. Weihaiwei ilibaki hadi tarehe 30 Septemba 1930, iliporudishwa China.

Sasa Zanzibar. Hapo mwenye posta hakuwa Hong Kong bali India. Posta ya India ilikuwa imekwisha fungua ofisi Muscat mwaka 1864 na katika bandari kadhaa za Ghuba, na huko nako ofisi zilifuata mawakala wa kisiasa wa Uingereza kama zilivyofuata mabalozi wadogo China. Zanzibar ilijaribiwa mwaka 1868, bila kibali kamili cha wakubwa, na jaribio hilo likasitishwa mwaka uliofuata. Baada ya kampuni ya British India kuanza kuleta meli ya barua kutoka Aden mwaka 1872, hoja ilipata nguvu, na tarehe 1 Oktoba 1875 ofisi ilifunguliwa rasmi chini ya mamlaka ya posta ya Bombay. Wakati huo Zanzibar ilikuwa dola huru ya Sultan Barghash, na ilikuwa bado miaka kumi na tano kabla ya himaya ya Waingereza.

Tofauti kubwa na China ni fedha. Rupia ilikuwa tayari fedha ya soko la Zanzibar, wafanyabiashara Wahindi walikuwa ndio wateja wakubwa, na kwa hiyo stempu ya anna kutoka India iliuzwa bila hesabu za kubadilisha. Hata Wafaransa, waliofungua ofisi yao hapo mwaka 1889, mwishowe walilazimika kupiga thamani ya anna juu ya stempu zao za Ufaransa. Wajerumani walikuwa na ofisi Lamu tangu mwaka 1888 na Zanzibar tangu 1890, zote mbili zikafungwa mwaka 1891, baada ya mgawanyo wa maeneo kati yao na Waingereza. Ofisi ya India ilikabidhiwa tarehe 10 Novemba 1895, na ndipo Zanzibar ikaanza kuwa na stempu zenye jina lake.

Kwa upande wa albamu yako, tafadhali usiibandue stempu yoyote iliyo bado kwenye bahasha au kipande cha bahasha, wala usiiloweke majini. Stempu ya Shanghai inapaswa kuwa na tarehe kati ya 1 Januari 1917 na 30 Novemba 1922. Ukikuta stempu ya CHINA yenye tarehe ya baada ya hapo, tafuta kwenye mhuri jina la Port Edward au Liu Kung Tau, yaani ofisi mbili za Weihaiwei. Ile ya India haina chapa yoyote ya kuitambulisha, kwa hiyo thamani yake yote imo katika mhuri: soma mwaka. Ukiwa kati ya 1875 na 1890, barua hiyo ilitumwa kutoka dola huru, kwenye dirisha lililokuwa chini ya Bombay.